Kwa Mtukufu Mtungaji wa Mtihani wa Jiografia, Popote Ulipo kwenye Gridi

YAH: SHUKRANI KWA MTIHANI WA JIOGRAFIA WA KIDATO CHA NNE, PAMOJA NA OMBI DOGO SANA

Mtukufu,

Shikamoo.

Sijui umri wako, wala kama wewe ni baba au mama, maana mambo hayo yamefichwa vizuri kuliko hata mtihani wenyewe. Lakini mtu anayeweza kuwatoa jasho vijana wa nchi nzima kwa saa tatu bila kuingia darasani hawezi kuwa mdogo wangu. Ikiwa nimekuzidi miaka, ipokee hivyo hivyo. Hiyo ni shikamoo ya cheo.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya kata, pwani ya Kilwa, kiasi cha nyuzi 9 kusini mwa Ikweta na nyuzi 39 na nusu mashariki mwa Greenwich. Mtu mwingine ningemwambia tuko pale kwenye mkwaju mkubwa, lakini mbele yako nimeona haya kutaja mkwaju usio na gridi. Naandika hadharani si kwa utovu wa adabu, bali kwa kukosa anwani yako. Nakuomba radhi pia kwa kutumia Kiswahili. Najua mtihani wako hausemi lugha hiyo, na jambo hilo nitalirudia baadaye kwa unyenyekevu unaostahili.

Kwanza, nakushukuru kwa saa yako. Umetupa dakika 180 kwa alama 100, yaani chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama. Hesabu hiyo ndiyo somo langu la kwanza kila Januari, kabla sijagusa miamba wala mawingu. Nawaambia vijana: swali la alama moja likikukalia dakika kumi, umelipa nauli ya Dar es Salaam kwa safari ya kwenda sokoni. Insha ya alama 15 ina dakika 27, na humo humo mna kufikiri, kuandika na kusoma tena ulichoandika. Wengi wanaofeli wanajua. Tatizo lao ni kukaa kitako kwenye swali walilolipenda, na wanapoinua kichwa msimamizi anakusanya karatasi.

Pili, nakushukuru kwa vitenzi vyako. Ukisema taja, unataka jina. Ukisema eleza, unataka jina na habari zake. Ukisema fafanua, unataka sababu na mfano. Kijana wangu mmoja aliombwa afafanue athari za kukata mikoko, akaziorodhesha saba, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko wa kupendeza kama daftari la mangi dukani. Akapata alama za orodha. Tangu hapo darasani kwetu tuna sheria: kila hoja ifuatiwe na "kwa sababu", na kila "kwa sababu" ifuatiwe na mahali penye jina. Hatuandiki kwamba mikoko ikikatwa kuna hasara. Tunaandika kwamba mikoko ikikatwa katika delta ya Rufiji, mizizi iliyokuwa ikishika tope na kuwapa maficho kambamiti wachanga haipo tena, kwa hiyo mawimbi yanaula ukingo wa ardhi na mvuvi anarudi na tenga jepesi. Sentensi moja, sababu mbili, mahali pamoja. Hiyo hata msahihishaji aliyechoka hawezi kuipita bila kuweka vema.

Sasa ramani. Kwa ukarimu wako hutupatia kipande cha ramani ya kipimio cha 1:50,000, ambamo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Shuleni kwetu tunayo ramani moja ya namna hiyo kwa vijana zaidi ya 70. Imekunjwa na kukunjuliwa tangu kabla sijaajiriwa, na kuna kijiji kilichokuwa kwenye mkunjo ambacho kimeshatoweka, bila mafuriko wala vita. Silalamiki. Uhaba ni mwalimu mwenzangu, tena hapewi likizo.

Kwa sababu ya uhaba huo, namba za gridi tunajifunzia chini ya mnazi. Nawauliza: utapanda kabla ya kulifikia shina? Haiwezekani. Basi tembea kwanza kuelekea mashariki mpaka kwenye shina, halafu ndipo upande kuelekea kaskazini. Tangu nianze kusema hivyo, wanaogeuza namba wamebaki wachache, na hao nadhani hawajawahi kupanda mnazi.

Kontua tunazisoma ufukweni maji yakipwa. Bahari ikirudi nyuma huacha michirizi ya mwani na takataka juu ya mchanga, kila mchirizi mahali maji yaliposimama. Kila mchirizi, ufuate kushoto au kulia, uko kwenye kimo kilekile. Mchanga ulipoinama sana, michirizi inabanana. Ulipolala, inaachana. Mtoto aliyeona hivyo kwa macho hahitaji kukariri kwamba kontua zilizobanana ni mteremko mkali, na ukimwonyesha mlima karatasini hauoni kama alama ya kidole gumba.

Umbali wa barabara tunaupima kwa uzi. Kila mwanafunzi wangu ana uzi wake, ule mweupe unaofunga mdomo wa kiroba cha unga. Rula ni chombo kizuri, lakini barabara zetu hazijapata kuisikiliza. Uzi unalala kwenye kila kona, unakubali kila mzunguko, kisha unanyooshwa kwenye rula na sentimita zinagawanywa kwa mbili. Mwisho kabisa, na hapa ndipo ninapopandisha sauti, unaandika "kilomita". Jibu lisilo na kipimo chake halina mwenyewe. Naomba uukumbuke uzi huu, Mtukufu, kwa sababu tutauhitaji tena kabla ya sahihi yangu.

Kuhusu picha, nitapita haraka kwa ajili ya heshima. Katika mtihani mmoja wa kujipima tulipewa picha iliyotolewa nakala ya nakala ya nakala. Wanafunzi kadhaa waliona shamba la mkonge, wengine mgodi, na mmoja, mtoto mwenye imani, aliona ng'ombe wawili. Nilichowafundisha ni kwamba hata picha ikiwa nyeusi kama chungu, bado unaweza kusema imepigwa kutoka chini au kutoka angani, na kwamba kila unalodai uoneshe ushahidi wake ndani ya picha. Ng'ombe wale, bahati mbaya, hawakuwa na ushahidi.

Naja sasa kwenye lile jambo la lugha, na hapa nainama zaidi.

Watoto ninaowafundisha wamezaliwa ndani ya lugha iliyokwisha kuisoma jiografia. Neno lao la upande wa juu wa ramani ni kaskazini, yaani kule inakotoka kaskazi, upepo wa msimu unaovuma hapa toka mwisho wa mwaka mpaka karibu na Machi. Neno lao la upande wa chini ni kusini, kule inakotoka kusi, ambayo hushika zamu baada yake. Kwa pepo hizo majahazi yalikwenda na kurudi Arabuni na Bara Hindi, na kwa pepo hizo Kilwa Kisiwani ikawa mji wa biashara ambao magofu yake yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Mtoto wa darasa la kwanza anayesema "nakwenda kusini" ameshataja pepo za msimu bila kujua kwamba miaka kumi baadaye ataulizwa habari zake na kukaa kimya.

Chukua maji ya bahari. Mtoto wa mvuvi anajua bamvua: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Anajua maji mafu: mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Umuulize kwa Kiswahili, atakwambia mpaka siku gani kina mama watashuka kuokota chaza. Sasa Waingereza, kwa hekima yao, wameipa bamvua jina ambalo katika kamusi ni pia chemchemi, na ni pia majira ambapo miti ya Ulaya huchipua majani. Kijana wangu alilikuta jina hilo kwenye mtihani, akafungua kamusi iliyo kichwani, akaandika kwa ujasiri kwamba maji hayo hujaa Ulaya kuanzia mwezi wa tatu, baada ya theluji kuyeyuka. Baba yake ana ngalawa. Yeye mwenyewe alikuwa amevua samaki kwa bamvua ya wiki ileile. Nilimpa sifuri, kwa mkono wangu huu.

Lakini kisa kinachoninyima usingizi ni cha binti mmoja na saa. Swali lilikuwa jepesi: ikiwa ni adhuhuri Greenwich, ni saa ngapi Mogadishu, kwenye longitudo ya 45 Mashariki? Akaandika njia yote kwa usafi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. 45 kugawanya kwa 15 ni 3. Mogadishu iko mashariki, kwa hiyo saa zinaongezwa. Adhuhuri ni saa sita. Sita na tatu ni tisa. Akaandika 9:00, akaweka kalamu chini, akatabasamu. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka 3:00. Nikakata.

Usiku ule nilikaa barazani nikaiwaza saa yetu. Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na wanaweza kufanya hivyo kwa sababu hapa, karibu na Ikweta, mchana mrefu kuliko yote unauzidi ule mfupi kuliko yote kwa kama saa moja tu. Jua la London haliaminiki hivyo: siku za Juni lina mchana wa zaidi ya saa 16, na siku za Desemba mchana hautimizi saa nane. Mtu wa London akianza kuhesabu saa tangu macheo atachelewa kazini nusu ya mwaka. Maana yake saa ya binti yule ilikuwa jibu la swali lingine zito zaidi, la mwinamo wa mhimili wa dunia na urefu wa mchana. Yeye hakuulizwa swali hilo, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba jibu lake analo mdomoni kila anaposema "saa moja asubuhi". Kosa, Mtukufu, ni langu. Nimeona tu vema kulitangaza mbele yako, kwa kuwa wewe ndiye uliyenizoesha kulifanya.

Maana sisi walimu, na hapa naungama kwa niaba ya walimu wengi, hatufundishi dunia. Tunakufundisha wewe. Tunazipanga pepa za miaka iliyopita kama mganga anavyopanga kete, tunasoma ulipenda nini mwaka juzi, tunabashiri utapenda nini mwaka huu. Vijana wanapiga msuli usiku kwa tochi ya simu, wanabukua fasili neno kwa neno kama dua. Usiku wa kuamkia mtihani hupita maswali ya uongo yanayodaiwa kuvuja, na walio dhaifu huyalipia. Pepa za zamani zina faida, sikatai: zinaonyesha namna unavyouliza, zinazoesha mkono kukimbizana na saa. Lakini asiyejua kusoma mchanga unaomzunguka atabaki kubashiri hata akizimaliza pepa za miaka 20.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilikuja pwani yetu. Hilo lilikuwa jambo la nadra, kwa sababu nguvu ya mzunguko wa dunia inayousokota upepo mpaka uwe kimbunga hudhoofika kadiri unavyoikaribia Ikweta. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani, bei za vitu zikapanda. Miezi michache baadaye nikaweka swali la vimbunga katika mtihani wa kujipima. Kijana wangu bora, wa kupigiwa mfano, akaandika kurasa mbili juu ya vimbunga vya Karibiani, chanzo na madhara, kama vilivyo kitabuni. Hidaya hakuitaja hata mara moja. Nilipomuuliza, akanijibu kwa adabu kuliko ninavyokuandikia wewe: "Mwalimu, nilidhani hiyo haimo kwenye silabasi."

Usinielewe vibaya. Sitaki mtoto wa Kilwa aulizwe Kilwa peke yake, maana atakuwa mfungwa wa ufukwe wake. Nafurahi anaposoma jinsi Marekani ilivyoanza kuendeleza Bonde la Tennessee mwaka 1933, mabwawa, umeme, udhibiti wa mafuriko na yote. Lakini mto Rufiji unamwaga maji yake baharini kaskazini mwetu, na juu yake limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Kisiwa cha Songosongo kiko wilayani kwetu, na gesi yake imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Ningependa kijana aione Tennessee kwa kusimama juu ya Rufiji, maana hata mnazi hupandwa kuanzia chini.

Wala mambo haya si ya watoto tu. Mwaka 1947 wakubwa wa Uingereza, watu wenye vyeti vya kutosha, waliamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, hii iliyo mkoani kwetu Lindi. Walileta matrekta, pamoja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mvua ya Kongwa haikuwa ya kutegemewa, na udongo wake kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Wagogo wanaoishi juu yake walijua hayo. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni kama milioni 36 zikiwa zimekwenda na upepo. Kwa hesabu yangu, hilo ndilo swali la jiografia lililofeliwa kwa gharama kubwa kuliko yote katika nchi hii, na waliofeli hawakurudia darasa.

Ombi langu, basi, ni hili, na nalileta nikiwa nimevua viatu. Katika mtihani wako ujao, usipunguze ugumu hata chembe. Weka tu swali moja, hata la alama nne, linaloanzia dirishani: mtahiniwa ataje badiliko moja la ardhi, maji au hali ya hewa aliloliona kwa macho yake mahali anapoishi, aeleze chanzo chake, na kila chanzo akifuatishe na kwa sababu. Najua litawapa shida wasahihishaji, kwa kuwa majibu ya Kilwa hayatafanana na ya Kigoma wala ya Kongwa. Wasipime mahali, wapime mnyororo wa sababu. Aliyekariri atakwama kwenye kiungo cha pili. Na akitokea mtoto ameandika bamvua katikati ya Kiingereza chake kinachochechemea, kisha akaeleza mwezi na jua vikivuta maji kwa pamoja, nakusihi msahihishaji asikimbilie kalamu nyekundu. Mtoto huyo hajakosea neno. Sisi ndio hatujalisikia.

Najua una shughuli nyingi, na kwamba barua kama hii huishia kwenye faili. Kwa hiyo sikuombi unijibu kwa maneno. Nimeambatisha uzi. Tafadhali chukua ramani iliyo ofisini kwako, laza uzi huu kutoka kwenye meza yako, fuata barabara na kona zake zote, pita Somanga polepole, mpaka ufike kwenye mkwaju wetu. Kisha unyooshe kwenye rula, ukokotoe umbali uliopo kati yetu na wewe, na uoneshe njia. Alama nne.

Tafadhali usisahau kipimo.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Shule ya kata, pwani ya Kilwa.

Kiambatisho: uzi mmoja wa kiroba, uliotumika.